Wigi Niliyokuvisha

Mama Riziki,

Wigi ile imenikaa rohoni karibu mwaka mzima, na leo nimefunga saluni mapema ili nikuandikie. Nilikuvisha mimi. Dada yako alishika kichwa, mimi nikashika kitana.

Na ulikuwa umenikataza. Matibabu yalikuwa yamekumaliza nywele zote, nami nakupaka mafuta kichwani, ukasema kwa Kiswahili chako cha mpakani: "Zuhura, siku mimi nakufa, usiniweke wigi. Watu iko najua kichwa yangu sasa." Nikaitikia. Nilidhani siku hiyo iko mbali.

Wewe, ambaye miaka yote hukutoka hata kuanika nguo bila wigi! Nilipokuja hapa mjini Arua kutoka Koboko kujifunza kwako kusuka, ilipita miezi kabla sijajua nywele zako zenyewe zinafananaje. Nawe ukanitania kwa ushungi wangu, kwamba nazificha nywele kama mtu anayewaficha sisimizi sukari. Tulikuwa wasusi wawili ambao hakuna mteja aliyewahi kuona nywele zao.

Kisha ugonjwa. Wiki ile ya kwanza ulijifungia ndani ukalia, ukasema wewe si mwanamke tena. Halafu asubuhi moja ukaja saluni na upara wako, ukafungua mlango, ukawasha redio. Mteja mmoja alikutazama, akakumbuka ghafla kwamba kuna mtu anamsubiri kule Ediofe. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Wigi zako tukazipanga dirishani ziuzwe, ukabakiza moja tu ya kanisani, na hata kanisani hukuivaa. Ulianza kutembea tofauti. Sijui nieleze vipi, shingo ilikuwa imenyooka.

Ndiyo hiyo moja dada yako aliyoitoa kwenye sanduku lako la nguo alipovuka mpaka kuja mazikoni. Alisema msusi hawezi kulazwa hivi, watu watasema nini. Wote wakanigeukia mimi, fundi. Maneno mawili yangetosha kuwazuia. Nikaogopa, mtoto wa watu, nisiye wa ukoo wala wa dini yenu, nikafungua mkoba wa kazi. Na nilifanya vizuri, Mama Riziki. Niliitengeneza hata njia ya nywele upande wa kushoto, ulivyopenda zamani. Waliopita kukuaga walisema umependeza, umefanana na wewe mwenyewe. Nikapokea sifa.

Nisamehe.

Saluni inaendelea. Nywele za pembeni sizivuti, kama ulivyonifundisha. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja kijana kutoka Ombaci. Tangu ajifungue nywele za mbele zimemtoka, akataka rasta za kubana zifunike. Nikamwambia zitamalizia zilizobaki, akaanza kulia. Basi nikamwonyesha picha yako kwenye simu, ile ya mlangoni, upara unang'aa, chupa ya soda mkononi. Aliishika muda mrefu. Mwishowe akaomba nimpunguze tu, ziwe fupi kote.

Jumamosi ni ibada yako ya mwaka. Dada yako alinipigia akitaka picha ya kuweka mbele kanisani, maana anajua ninazo nyingi. "Leta ile iko na wigi," alisema, "ile iko muzuri." Nikajibu sawa. Tena nikajibu sawa, unaona nilivyo. Nilikata simu nikakaa kwenye kiti chako, nikajichukia.

Jana nimeichapisha ile ya mlangoni, kubwa, nikaitia kwenye fremu. Ipo hapa mezani nikiandika, imefungwa kwenye kitenge chako cha kijani. Nakuahidi nitaibeba mwenyewe mpaka mbele, na nitawaambia wote ulichonikataza na nilichokifanya, dada yako akiwa anasikia. Akitaka kunifukuza, anifukuze baada ya picha kukaa mahali pake.

Lala salama, Mama Riziki. Safari hii watakuona.

Zuhura wako