Mguu wa Kushoto

Mibu, 11 Januari 2023

Baba, shikamoo.

Natumai magoti yamepunguza kuuma, na jiko la mafuta linawaka bila kukujazia moshi chumbani. Sisi huku tunaendelea. Takehiro wangu yuko njiani na lori mpaka Ijumaa, mwanetu Mitsuki ana mafua kidogo, mimi nimechoka, lakini ni uchovu uleule unaoujua. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, na nikipaza sauti naonekana nagomba.

Na siku ile niligomba kweli. Sauti niliyotumia mezani tarehe mbili haikuwa ya binti kwa baba yake. Niwie radhi kwa sauti. Kwa maneno yenyewe, bado.

Mkono wa ile roboti ya kuchezea ya Mitsuki ulipokuchomokea, ulimwambia Mitsuki, "Umeona? Mama yako anatengeneza vitu vya kutupa. Zetu za kiwandani zamani ukizigonga ukutani, ukuta ndio ulikuwa unaomba msamaha." Ukacheka, na mtoto akacheka kwa kuwa babu yake kacheka. Baba, mimi kutwa nzima nakaa mezani kazini nageuza roboti kuwa gari, na gari kuwa roboti, nahesabu, mpaka kitu kigome. Ule mkono umetengenezwa uchomoke. Ni gololi ndani ya kikombe. Mtoto akivuta kwa nguvu unatoka badala ya kuvunjika, unausukuma, unarudi mahali pake. Nilikueleza hivyo. Ukasema, "Kinachochomoka kimevunjika," ukachukua koti, ukawahi treni ya mchana, supu ya mochi, vile vitumbua vya mchele vya mwaka mpya, ikiwa bado jikoni.

Mitsuki anauliza babu aliondokaje bila kula. Nilimwambia ulikuwa na kazi. Sitamdanganya mara ya pili.

Mlango uko wazi Jumapili yoyote. Sharti ni moja tu: usimwambie mtoto wangu kwamba mama yake anatengeneza takataka.

Binti yako,
Chigusa


Katsushika, 24 Januari

Mwanangu Chigusa,

Marahaba. Magoti yako vilevile, jiko nimelisafisha. Mitsuki mpe maji ya moto na tangawizi, usimpe hizo peremende za dukani.

Sikusudii kukuudhi, nasema ninachokiona. Unajua Jumamosi ya kwanza ya mwezi huwa navaa koti jeupe pale ukumbi wa mtaa, kwenye hospitali yetu ya midoli. Mwezi huu tumepokea wagonjwa tisa. Nane ni wa juzijuzi tu. Hawana skrubu, wamebandikwa kwa gundi, ukitaka kuona tumbo lao lazima uwapasue. Bi Hatsue aliyekaa meza ya pili akaniambia, "Daktari Kuniaki, huyo usimpasue, mwandikie tu cheti cha kifo." Wa zamani alikuwa mmoja, springi imelegea. Nikamtibu kabla chai haijapoa.

Sasa pokea hilo boksi. Ni roboti ya Januari 1986, kiwanda kilimpa kila mfanyakazi moja. Mguu wa kushoto ni kazi yangu. Ulitoka mashine namba mbili ya kumimina zinki kwenye kalibu, niliyosimama mbele yake miaka kumi na moja, ndiyo hiyohiyo iliyoniziba sikio. Niliiweka nikisubiri mtoto. Ulipozaliwa, marehemu mama yako akasema ni nzito, itakuponda vidole, basi ikabaki kabatini. Haijawahi kugeuzwa hata mara moja.

Ijaribu kwa mkono wako kama unavyozijaribu zenu. Ukiniandikia kwamba ni mbovu, nitanyamaza, nitakuja, na hiyo mochi nitaila hata iwe Agosti. Kabla ya hapo siji.

Baba yako


Mibu, 8 Februari

Baba, shikamoo.

Mafua ya Mitsuki yamekwisha, yamehamia kwangu. Nakuandikia wali ukiwa jikoni, ukiona nimekatisha ujue unaungua.

Boksi limefika salama. Nimelifungua Mitsuki akiwa shule ya chekechea. Baba, ni nzuri. Nasema kama mtu wa kazi hii. Ule uzito, ule ubaridi wa chuma mkononi. Nimekunja goti la kushoto mara moja tu, polepole, likalia *tak*, sauti moja safi. Zetu hazilii hivyo. Nimekaa nayo mapajani kama mpumbavu mpaka nikachelewa kumfuata mtoto.

Ila kumpa Mitsuki, hapana. Kingo za mabega zinakata, na lile kombora lake dogo linalofyatuka linaenea vizuri kabisa kwenye koo la mtoto. Hilo halina mjadala.

Na kuigeuza sitaki. Kifua chake ni plastiki ya dhahabu yenye mawimbi. Kazini tunaijua ile ya miaka hiyo. Ule unga wa dhahabu uliochanganywa ndani huiua plastiki taratibu, nayo kwa nje inang'aa vilevile. Ikiguswa inakuwa makombo. Niache nikurudishie, uiweke kabatini, ubaki nayo nzima.

Halafu kuhusu wagonjwa wako tisa. Za zamani zilizovunjika zilitupwa zamani, Baba. Hazikusubiri wewe ustaafu uvae koti jeupe. Unazoziona leo ni zile zilizonusurika, kisha unasema zote zilikuwa hivyo.

Wali tayari. Mitsuki anauliza kama kazi yako imekwisha.

Binti yako,
Chigusa


Katsushika, 15 Februari

Chigusa,

Sikukupa uiogope. Kila mia tuliyoitoa, kumi ziligeuzwa mbele ya msimamizi, na hakuna aliyetetemeka. Maneno ya kazini kwenu yaache kazini. Geuza, kisha uandike.

Baba yako


Mibu, 6 Machi

Baba, shikamoo. Barua iliyopita hukuniitikia, nimeona. Nakuamkia tena.

Nimeigeuza. Ilikuwa Jumapili asubuhi, juu ya meza ya kulia, nimetandika taulo jeupe. Takehiro alikuwapo. Mitsuki alikaa upande wa pili, mikono nyuma kama nilivyomwambia.

Kifua kilisagika mara ya kwanza kabisa. Sikukilazimisha. Nilikifungua kama unavyomenya yai, kikabaki vumbi la dhahabu kwenye taulo. Takehiro akasema, "Basi, mama Mitsuki, inatosha, mwandikie mzee kwamba ilikwenda vizuri." Nimefikiria sana maneno yake. Lakini ulisema niijaribu kwa mkono wangu, kisha niandike.

Ile plastiki haikuwa kazi yako, kwa hiyo nikaendelea. Mguu wa kulia umekunjika na kukunjuka mara mia mbili, haujalegea hata chembe. Ningeupitisha leo kazini bila kumuuliza mtu. Wa kushoto, mara ya nne, goti halikulia. Nikaufungua skrubu. Chuma kimevimba kwa ndani, kina nyufa kama tope lililokauka, na pembeni kinatoka unga wa kijivu. Paja limekatika mkononi mwangu. Mitsuki akasema, "Mama, si umeshika polepole?" Nilishika polepole.

Ni mbovu, Baba. Ni huo wa kushoto peke yake. Zinki haifi hivyo ikiwa safi, hata ikae miaka mia. Kuna kitu kiliingia kwenye chungu cha kuyeyushia. Mlitia nini?

Nimeuweka kwenye kopo la chai, sikuutupa. Wala sikuandika haya ili nishinde.

Binti yako,
Chigusa


Mibu, 10 Aprili

Baba, shikamoo.

Mwezi umepita bila barua. Nilimpigia Bi Hatsue, akasema u mzima, unakula, ila Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu hukufika hospitali, na koti lako linaning'inia pale peke yake. Kwa hiyo sina hofu ya ugonjwa. Nina hofu nyingine.

Mitsuki amepanda darasa, sasa anavaa kofia ya njano. Picha nimeiambatanisha. Hayo aliyoshika ni meno ya plastiki ya roboti yetu moja inayogeuka mti, usiniulize.

Ulisema nikikwambia ni mbovu utakuja. Nilikwambia. Jumapili tano zimepita, na kila moja nimepika kwa watu wanne.

Binti yako


Katsushika, 21 Mei

Mwanangu Chigusa,

Marahaba, kwa barua hii na kwa zile zote ambazo sikukuitikia.

Mwili hauna neno. Nilikuwa najaribu kukumbuka, na nilipokumbuka nikawa sitaki kuandika.

Unajua usafi mkubwa wa mwisho wa mwaka. Kiwandani tuliufanya tarehe ishirini na nane Desemba, mashine zinazimwa, kila mtu anashika ufagio. Mwaka ule wa 1985 chumba chetu kilikuwa cha pamoja na mafundi wa nyaya waliokuwa wakichomelea lehemu. Mabaki ya zinki yalitapakaa sakafu nzima. Kutupa chuma ilikuwa aibu, tulifundishwa hivyo toka siku ya kwanza. Nikafagia, nikajaza ndoo mbili, na Januari tulipowasha moto nikazimimina zote kwenye chungu changu. Matone ya lehemu yalikuwamo. Lehemu ya siku zile ilikuwa na madini ya risasi, na risasi kidogo tu ndani ya zinki ni sumu. Tulilijua hilo. Liliandikwa ukutani.

Mguu wa kulia ulikuwa wa Iwase, mashine namba tatu. Yeye alikataa ndoo yake. Alisema, "Uchafu wa sakafuni siutii kwenye chungu." Msimamizi akamsema mbele yetu sote kwamba ana maringo na anapoteza mali. Mimi nikasifiwa, nikapewa saa ya ukutani. Ndiyo hiyo iliyo juu ya friji, uliyojifunzia kusoma saa.

Miguu ya mwezi mzima ilitoka kwenye chungu kile. Watoto wangapi, sijui. Miaka thelathini na saba nimekaa nikisema za zamani, za zamani, na muda wote ilikuwa inaoza kabatini kwangu. Iwase alifariki mwaka juzi. Hata mazishini nilimtania kwa wanawe kwamba alikuwa mzito wa kazi.

Ulivyouliza ni sawa. Takehiro ni mtu mwema, lakini afadhali hukumsikiliza.

Niletee mgonjwa. Na kama mna kiungo kimoja cha gololi kilichomaliza majaribio, ambacho hakina mwenyewe, kitie ndani ya boksi. Nataka kukiona.

Baba yako


Mibu, 29 Mei

Baba, shikamoo.

Mgonjwa yuko humo ndani, na kopo la chai. Viungo vimo viwili, msimamizi ameniruhusu. Kimoja kimechomolewa na kurudishwa mara elfu tatu na mimi mwenyewe, kina alama ya kalamu nyekundu. Kingine ni kipya. Chagua.

Kuhusu Iwase, wanawe wana anwani. Barua unajua kuandika.

Mitsuki ameandika jina lake juu ya boksi ili daktari ajue mgonjwa ni wa nani. Herufi moja imeangalia kinyume. Usimsahihishe.

Binti yako,
Chigusa


HOSPITALI YA MIDOLI, UKUMBI WA MTAA
Kadi ya mgonjwa

Tarehe: 1 Julai
Mwenyewe: Mitsuki (ameandika vizuri)
Umri wa mgonjwa: miaka 37
Maradhi: kifua kusagika, mguu wa kushoto kumomonyoka
Chanzo: si mtoto. Ni aliyeutengeneza.

Matibabu: Kifua nimechonga cha mbao, hakina rangi, akikilamba hakuna neno. Kingo za mabega nimezipiga tupa, Bi Hatsue amezipitishia soksi yake ya nailoni na haikuchanika. Kombora nimeling'oa. Mguu wa kulia sikuugusa, ni wa Iwase. Nimewaandikia wanawe hivyo.

Mguu wa kushoto ni mpya, nimeuunga kwa kile kiungo chenye alama nyekundu. Haulii *tak*. Nimeuvuta mara mia tatu, jana na leo.

Maelezo kwa mzazi: Chigusa, unachomoka, unarudi. Nitamleta mwenyewe kesho Jumapili kwa treni ya asubuhi. Kama mochi hakuna, nitakula kilichopo.

Daktari: Babu