Vipande Kumi vya Rupia Mbili

Matombo, 4 Juni 1912

Kwa mdogo wangu Lukasi,

Salamu nyingi sana. Sisi huku ni wazima, mama kifua kimepoa kidogo. Wasiwasi wetu ni juu yako, uliye kwenye moto wa jiko la hoteli kutwa.

Anayeandika ni Regina, maneno ni yangu. Mikidadi akifika Morogoro na mzigo wake wa pilipili manga, atakukabidhi rupia arobaini. Ni za mbuzi wote alioacha marehemu mume wangu, na kahawa ya miaka miwili. Ukitia ishirini zako, zinatimia sitini za ile cherehani ya mkono uliyoiona dukani. Masista wanasema Regina anashona kuliko wenzake wote. Mguu wake unaujua, hauwezi mlima wala jembe. Mimi nikifa atakula nini? Wewe ndiye mjomba wake, wa kumtazama ni wewe.

Dada yako,
Felista

Mjomba, shikamoo. Mama hajui kama naongeza haya. Nikiipata cherehani, shati la kwanza ni lako. Jipime mabega kwa kamba, unitumie.
Mpwa wako, Regina


Morogoro, 11 Julai 1912

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, sijui ninyi na kifua cha mama. Fedha imefika yote. Kamba ya mabega imo humu ndani ya barua.

Dada, nina habari njema. Hapa hotelini hulala abiria wa gari la moshi. Mwezi wa tano Mzungu mmoja alimpa Salum, mhudumu wa mezani, rupia nane kwa kipande kimoja tu cha fedha. Ni kile kikubwa cha rupia mbili, chenye picha ya Kaisari wa Wajerumani amevaa kofia yenye sanamu ya ndege tai. Nimeona kwa macho yangu. Wanasema havitengenezwi tena, na huko kwao watu huvitafuta wakaviweke makabatini. Yuko mchuuzi hapa, Stambuli, anavyo. Nimenunua kumi, kila kimoja kwa rupia nne. Akipita Mzungu mwingine kama yule, arobaini zako zitakuwa themanini, tutanunua cherehani na jora zima la kitambaa. Sikutaka Regina angoje mwaka mzima huku mimi nadunduliza ishirini.

Ndugu yako mdogo,
Lukasi


Matombo, 20 Agosti 1912

Mdogo wangu Lukasi,

Salamu kwako. Hatujambo, ila mvua imetukimbia na maharage yamekauka.

Regina amenisomea barua yako mara tatu. Mama ameuliza swali moja: kipande cha rupia mbili ukikinunua kwa nne, zile mbili nyingine zimekaa wapi? Regina amecheka, amesema mjomba anayajua mambo ya mjini. Mimi sikucheka. Mrudishie Stambuli vitu vyake.

Dada yako,
Felista


Morogoro, 24 Novemba 1912

Dada yangu,

Shikamoo. Naomba mko wazima. Nimekawia kuandika kwa sababu nilikuwa nangoja mnunuzi apite.

Stambuli ameondoka, wanasema yuko Tabora. Wiki iliyopita alilala hapa Mzungu anayekusanya fedha za kale. Nikampangia vipande vyangu juu ya kitambaa. Akavitazama kwa kioo kimoja kimoja, akasema, "Hivi sita vilitobolewa vikavaliwa shingoni, kisha tundu likazibwa kwa madini ya risasi. Hivi vinne vimesuguliwa. Sivitaki."

Nikamuuliza, "Basi thamani yake nini, bwana?"

Akasema, "Soma kilichoandikwa."

Dukani wamevipokea vile vinne kwa rupia mbili mbili. Vilivyotobolewa wamevikataa. Sonara amenipa rupia moja kwa kila kimoja, ya uzito tu. Kumi na nne, dada. Arobaini zako zimebaki kumi na nne. Zilipotea siku ile ile niliyonunua, nami nikakaa miezi minne nikijiona tajiri.

Nitazilipa. Nakuomba usimwambie Regina.

Ndugu yako,
Lukasi


Matombo, 19 Januari 1913

Lukasi,

Salamu. Mama yuko kitandani tena. Anayeandika leo ni mwalimu Fransisko wa misheni.

Uliandika nisimwambie Regina. Umesahau ni nani anayenisomea barua? Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaenda kuinjika chungu. Baada ya Krismasi akaniaga. Amekwenda kwenye machimbo ya ulanga, lile jiwe linalong'aa kama kioo. Ameambiwa kule wanawake hukaa chini wakiuchambua kwa kisu, karatasi karatasi, kazi haitaki mguu. Nilimkatalia. Akanijibu, "Mama, mjomba asisemwe. Zilizopungua nitazitafuta mwenyewe."

Mwandikie arudi. Wewe atakusikia.

Dada yako,
Felista


Morogoro, 2 Aprili 1913

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na mama nampa shikamoo yake. Leo naandika kwa furaha.

Mwenye hoteli nimemwomba mara tatu, mara hii amekubali kunikopesha. Atanikata mshahara mwaka mzima, sijali. Cherehani nimeinunua! Mikidadi na mwenzake wanaileta pamoja na barua hii. Nimeifunga kwa turubai, kwa maana masika haya hayakatiki na njia ya mlimani inateleza. Wapumzike watakavyo, mradi isilowe.

Mpelekee Regina habari machimboni leo hii, atue kisu, arudi nyumbani. Barua yangu ya Februari hakuijibu. Mwambie bado nalitaka shati.

Ndugu yako,
Lukasi


Matombo, 13 Aprili 1913

Lukasi,

Cherehani imefika Jumatano, kavu kabisa. Regina tulikuwa tumemzika Jumamosi.

Siku ya Ijumaa ukingo wa machimbo ulikatika kwa mvua. Chini yake walikuwa wamekaa wanawake watatu. Wawili walikimbia.

Watu wa ukoo walisimama kaburini wakiuliza mjomba wake yuko wapi, nani atatia udongo wa kwanza. Nikasema njia ni mbaya. Mwalimu Fransisko ndiye aliyeutia. Regina kiunoni, katika upindo wa nguo, alikuwa amefunga rupia kumi na moja.

Mama hataki jina lako litajwe nyumbani. Mimi nakukasirikia, na bado ni wewe niliyekubeba mgongoni. Usije kwanza. Nitakuita.

Felista


Morogoro, 30 Agosti 1913

Dada,

Shikamoo. Sijui kama mama yu hai, sina wa kumuuliza.

Hukuniita, nami nikashindwa kungoja. Wiki iliyopita nilikuja. Nililala Mkuyuni, kesho yake nikafika misheni, padre akanionyesha kaburi. Nilitia udongo, najua umechelewa. Kisha nikashuka mpaka kwenye migomba yako. Ulikuwa unapalilia, umenipa mgongo. Nikakutazama ukipiga jembe, nisikuite. Nikarudi nilikotoka.

Nisamehe na hilo pia.

Ndugu yako,
Lukasi


Matombo, 14 Septemba 1913

Mdogo wangu Lukasi,

Mama yu hai.

Nilikuona. Nilikujua tangu uliposhuka kutoka makaburini. Nilikupa mgongo makusudi usinione nikilia, nikawa nangoja uniite. Nilipiga jembe mahali pamoja hata nikalikata shina la mgomba. Nilipogeuka, hukuwapo.

Nilitupa jembe nikakimbia. Nililiita jina lako njia nzima mpaka mtoni, na ng'ambo sikuona mtu. Niliporudi mama alikuwa ameketi mlangoni. Alikuwa amenisikia. Akaniuliza, "Amekwenda?" Nikasema, amekwenda. Akalia mpaka jua likatua.

Mwalimu Fransisko ananiuliza aandike nini zaidi. Nimemwambia hayo yanatosha.

Dada yako,
Felista