Mbuzi wa Mananasi

Jumamosi, 7 Juni 2025

Nimekasirika. Naandika sasa hivi kabla sijatulia, maana nikitulia nitaanza kuwatetea.

Dari ya jikoni ina madoa ya malenge. Dari! Leo Austin ndiye alichagua, akachagua chapati za malenge, eti ameziona kwenye simu. Akawasha blenda bila kifuniko. Yeye na mkewe Shirleen wakacheka mpaka wakakaa sakafuni, na mume wangu Lemein akacheka kuliko wote.

Kila Jumamosi ni hivyo. Hao wawili wanatoka nyumba ya pili, Lemein anavaa aproni, na jikoni yangu inaitwa Maabara. Sheria ni moja: tunapika kitu ambacho hakuna mtu Kitengela nzima amewahi kukipika, halafu tunakipa alama juu ya kumi. Tumeshakula pilau ya omena. Tumekula mandazi yenye parachichi ndani (alama mbili, na hizo za huruma). Nami nacheka, sikatai. Lakini wakishashiba wanahamia sebuleni, na anayebaki na masufuria ni mimi. Nimemwita Lemein aje apanguse dari. Kesho, anasema. Kesho tunaenda kwao!

Kwao ni mbele ya mji wa Kajiado, upande wa Bissil. Nimemnunulia baba mkwe mablanketi mazito. Sijui kwa nini najisumbua. Tangu tuoane yule mzee hajawahi kuniita kitu chochote. Si Nyakio, si binti yangu. Mtoto bado sina, kwa hivyo hata Mama Fulani siwezi kuwa. Akitaka maji anamwambia Lemein, "Mwambie alete maji." Na mimi nimesimama hapo hapo!

Jumapili, 8 Juni

Tumerudi na mbuzi. Sielewi.

Salamu zilikuwa za kawaida: nikainama, mzee akaniwekea mkono kichwani, basi. Mablanketi akayapokea, akayakalia. Wakati wa kuondoka akaingia zizini mwenyewe, akatoka akivuta mbuzi jike, mdogo, wa kahawia. Kamba akaiweka mkononi mwangu. Si kwa Lemein, kwangu. Akasema, "Hii ni yako." Halafu akaenda zake kwa ng'ombe. Lemein wakati huo alikuwa nyuma ya gari anaongea na simu mambo ya mpira.

Njiani nikamuuliza maana yake nini. Akasema ni asante ya mablanketi, mzee ndivyo alivyo. Haya. Yaani kutamka asante kwa mdomo kumemshinda, afadhali atoe mbuzi. Niliudhika njia nzima, na huyo mbuzi akalia njia nzima.

Jumatano, 11 Juni

Mbuzi tumemfunga kwenye tangi la maji. Amemaliza sukuma zangu zote za kwenye magunia, na leo ameng'oa blauzi yangu ya kazi kwenye kamba akaitafuna. Ile nyeupe! Mwanzia, mlinzi wa ploti, amekuja kusema mwenye nyumba hataki mifugo. Kinyesi kimefika mlangoni, na anayefagia ni nani? Lemein anasema nitulie, Jumamosi Maabara itamshughulikia.

Nikamwambia mshughulikieni, nimechoka.

Jumamosi, 14 Juni

Leo sina hasira! Niandike haraka kabla hazijarudi.

Nimetoka dukani alasiri, kufika getini nasikia harufu — nikasimama. Asubuhi walimwita mchinjaji wa pale Noonkopir akachinja, Austin akapika na mananasi, soya na karanga za kusaga. Mbuzi wa mananasi! Nilikuwa nimejiandaa kugomba. Nikaonja. Nikakaa. Nikala sahani mbili na kulamba vidole mbele za watu. Tisa juu ya kumi, Maabara haijawahi kuona alama kama hiyo. Na wameosha vyombo, sijui nani amewafunza.

Jumapili, 15 Juni

Naandika mbio. Mwandiko wenyewe huu hapa.

Dada yake Lemein, Seleyian, amenipigia kutoka kwao. Mzee anataka kujua Pakine yuko aje. Nikauliza Pakine ni nani. Akacheka sana. "Si ni wewe! Lemein hajakuambia?"

Hajaniambia. Seleyian ndiye ameniambia, kwa simu, nikiwa nimeshika ufagio. Kwao, baba mkwe akimkubali mke wa mwanawe anampa mnyama aliye hai. Tangu siku hiyo wanaitana kwa mnyama huyo, wote wawili jina moja. Akikupa ndama wa kike mnaitana Paashe, na ndivyo marehemu mama yao alivyoitana na babu. Akikupa mbuzi ni Pakine. Mnyama unamfuga, anazaa, watoto wake ni wako. Mzee amekuwa akimchagua huyu tangu Pasaka, anamtazama, anabadilisha nia, anarudi kwa yule yule. Sasa anawaambia wazee wenzake kwamba Pakine wake anakaa Kitengela.

Akaniuliza mbuzi anaendeleaje. Nikasema vizuri.

Vizuri! Mguu wake mmoja uko kwenye friji!

Jina nililokuwa nalisubiri muda wote huu nimepewa mkononi, na kamba yake, nikalila na mananasi. Nikaongeza sahani.

Jumatatu, 16 Juni

Nimegombana na Lemein mpaka Shirleen akagonga ukuta.

Nilimuuliza swali moja tu: ulijua au hukujua? Akazunguka. Oh, hayo ni mambo ya zamani. Oh, yeye amesomea Ngong, bweni, hayo ya nyumbani hakuyafuatilia. Oh, hata mimi nilisema mshughulikieni. Ni kweli nilisema, na hilo linaniuma, lakini mimi nilisema kuhusu mbuzi aliyekula blauzi. Sikujua ninasema kuhusu nini. Yeye mama yake aliitwa Paashe maisha yake yote! Nikamuuliza tena, ulijua au hukujua. Akakaa kitandani, akasema:

"Nilijua hiyo kitu iko. Sikudhani angekupa wewe."

Wewe.

Akaona uso wangu, akaanza kurekebisha. Kwamba hakumaanisha mimi kama mimi. Kwamba mzee ni mgumu, alitaka mke wa huko, yeye alishakata tamaa zamani na hakutaka nijipe matumaini. Kwa hivyo wakati mimi namnunulia baba yake mablanketi, yeye ameshaamua moyoni kwamba mlango umefungwa, na hakuona haja ya kuniambia kuna mlango. Baba yake, mgumu huyo, ameufungua mwenyewe, na aliyeshindwa kuamini ni mume wangu!

Nimelala sebuleni. Mzee simkasirikii hata kidogo. Zile hasira zote nilizokuwa nikimwekea nimezihamishia huku.

Jumatano, 18 Juni

Kuna mbuzi mwingine kwenye tangi.

Ni akili ya Austin hiyo. Wameenda soko la mifugo yeye na Lemein, wakarudi na mbuzi jike wa kahawia, wanamzunguka wakilinganisha na picha ya kwenye simu. Austin ananiambia kuhusu mzee, "Buda hawezi notice, macho yake si poa." Shirleen akamwambia anyamaze. Ndio mara ya kwanza nimempenda Shirleen kwa moyo wote.

Nikamwambia Lemein mimi sitaitikia jina kwa mbuzi wa kununua. Akasema anajaribu kutengeneza mambo. Nikasema hutengenezi, unafunika.  Baadaye nikamwona dirishani anampa maji huyo mbuzi, polepole, na sikutaka kumwonea huruma. Sijamwonea. Karibu.

Ijumaa, 20 Juni

Seleyian tena. Mzee anakuja kesho kliniki ya macho hapa Kitengela, na baadaye atapita kwetu. Hajawahi kukanyaga hapa tangu tuoane. Anakuja kumwona Pakine.

Hakuna Maabara kesho. Nimewaambia Austin na Shirleen nisione kivuli.

Jumamosi, 21 Juni

Naandikia jikoni, nimesimama, maji yako motoni. Mzee ndiye ameyataka. Lazima niandike nikiwa bado nakumbuka maneno.

Amefika mchana. Shuka, fimbo, koti lake la kanisa, dawa bado imemlowesha macho. Nikainama. Akaweka mkono kichwani, na safari hii hakuuondoa upesi. Akasema, "Pakine."

Natakiwa nimjibu vile vile. Pakine. Ni neno moja tu. Nimelifanyia mazoezi bafuni wiki nzima, bila hata kutaka. Nikafungua mdomo, likakataa kutoka. Lemein akadakia kwamba naona haya. Nilitamani kumpiga na mwiko!

Mzee hakutaka chai kwanza. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akachuchumaa, akashika masikio ya yule mbuzi. Hakuhitaji macho. Mbuzi wa boma lao wote hukatwa alama sikioni, na kila boma lina mkato wake. Akapapasa la kushoto, akapapasa la kulia, akarudia la kushoto. Kisha akauliza, kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie:

"Hii ndiyo ile?"

Lemein akasema ndiyo, ndiyo ile.

 Mzee aliendelea kushika sikio. Nikaona atasimama, atakunywa chai kwa heshima, ataondoka, na hatarudi tena hapa. Na mimi nitabaki yule wa kuambiwa kupitia Lemein.

Nikasema, "Baba, si hiyo. Ile tulikula. Hata mimi nilikula."

 Mbuzi tu ndiye aliyekuwa akitafuna. Mzee akauliza nani alichinja. Sikujibu. Nilimwachia Lemein hilo alibebe mwenyewe, nikamtazama mpaka akalibeba. Akasema ni yeye alimwita mchinjaji. Sauti yake ilikuwa ya mtoto wa shule.

Mzee akanigeukia. "Wewe ulijua?"

Nikasema sikujua, hakuna aliyeniambia. Nikasema ningejua ningempa hata blauzi zilizobaki. Sijui kwa nini nilisema hivyo, hasira zilikuwa zimenijaa na hilo ndilo lililotoka.

Akaongea na Lemein kwa Kimaasai, kwa muda mrefu, bila kupandisha sauti. Lemein hakuinua kichwa. Kimaasai changu ni kidogo, lakini Pakine nililisikia, si mara moja, na kila mara Lemein alikuwa anajikunyata kama amemwagiwa maji baridi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Halafu mzee akatoa kisu kiunoni, akaanza kukinoa kwenye ngazi ya mlango, akaniambia nilete maji ya moto na chumvi.

Nimemuuliza Lemein hapa mlangoni mzee anataka kufanya nini, kuchinja au kumkata mbuzi alama ya boma sikioni. Hajui! Mtu amezaliwa kwenye boma, anamwona baba yake na kisu, na hajui!

Maji yamechemka. Chumvi iko hapa.

Huko nje mzee amemwambia Lemein asogee kando. Sasa anaita. Pakine hakusema, Nyakio pia hakusema. Amesema, "Wewe. Njoo ushike sikio."