Dakika Kumi pale Maweni

Mpendae, Unguja
Jumatano, baada ya Alasiri

Kwa dada yangu Sichana,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo dada. Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na shemeji na watoto, na goti lako liwe limepoa, umeshaweza kushuka pwani na wenzako kwenye chaza zenu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Nakwambia mapema ili usome taratibu, maana nakujua, utaanza kuruka mistari ukitafuta wapi nimeandika kwamba nimevunjika mguu. Sikuvunjika kitu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia karatasi na simu unayo. Wiki hii nimekupigia mara mbili. Mara zote mbili uliitika kwa furaha ukaniuliza, "Afande wangu hajambo?" Nami nikasema sijambo, nikasingizia chaji, nikakata. Nikikusikia ukiniita hivyo nakata kabla sijasema nililokusudia. Kwa hivyo nampa Ulfat barua hii, anakuja Fumba kesho asubuhi kwa mama yake, na nimemwambia aitie mkononi mwako, asimpe mtu mwengine.

Mpango wetu unaujua. Jumatatu mpaka Alkhamisi tuko chuoni kama wanafunzi wengine, mimi na hesabu zangu. Ijumaa baada ya sala lori linatuchukua kambini kusomea uofisa, na Jumapili jioni linaturudisha. Sikukwambia jinsi inavyochosha. Kuna Jumatatu nimeingia kwenye mtihani mikono bado inanuka mafuta ya bunduki, na mwalimu akizungumza namuona mdomo tu, sauti siisikii. Tulianza thelathini na wawili, tukabaki kumi na wanane. Kila aliyetoka alirudishiwa nguo zake za kiraia kwenye mfuko wa plastiki, akatembea peke yake mpaka getini, na sisi tukiwa tumesimama mstarini tunamuangalia. Mimi niliapa kwamba sitapita pale na mfuko.

Machano unamjua, yule rafiki yangu wa Malindi niliyekuja naye Idi iliyopita, aliyekuchekesha mpaka ukamwaga uji. Hukujua, na mimi sikujua mpaka mwaka jana, kwamba ana maradhi ya sukari. Anayo tangu ana miaka kumi na tatu. Siku moja alilala chumbani kwangu hapa Mpendae kwa ajili ya mtihani, nikatoka kuoga nikamkuta anajidunga sindano tumboni. Aliniomba kwa Mungu nisiseme. "Pandu, wakijua wananitoa siku hiyohiyo," alisema. Mama yake, Bi Mwanamkasi, Machano alikuwa ameshamdanganya kwamba daktari wa jeshi amempima na amemruhusu. Nikamuahidi kunyamaza. Tukapanga kwamba kambini mimi nitakuwa natembea na pakti ya glukosi mfukoni, ili yeye akipekuliwa asikutwe nayo. Sukari ikimshuka, anaanza kusema maneno yasiyoeleweka na miguu inapishana, na dawa yake ni kitu kitamu hapohapo.

Sasa nakuhadithia yaliyotokea Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, na kwanza nakuhadithia kama nilivyoyaandika kwenye ripoti.

Asubuhi ile tulipewa ramani na dira, tutoke upande wa Tunguu, tukate maweni kwa maweni mpaka pwani ya Unguja Ukuu, tufike kabla ya saa tano na nusu. Tuligawanywa vikundi viwili, changu cha watu wanane, na mimi ndiye niliyekuwa kiongozi wake siku hiyo. Ilikuwa zamu yangu ya kupimwa, na redio ya mawasiliano ilikuwa begani mwangu. Jua lilikuwa kali na mawe yale unayajua, yanakata viatu. Tulipokuwa tumebakisha kama nusu saa, Machano akaanguka. Niliandika kwamba nilimlaza kivulini, nikatambua kwamba hilo si jua, nikampaka glukosi kwenye fizi, nikaita gari kwa redio. Gari lilikuja na Koplo Jaku, mtu wa dawa wa kambi, na Machano akapelekwa spitali ya mjini. Hiyo ndiyo ripoti. Nilitia saini.

Alilala hajitambui siku mbili. Bi Mwanamkasi alikuwa pale kitandani na msahafu wake, na daktari alipouliza akasema bila ya kusita kwamba mwanawe ana sukari, na kambini wanajua. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Faili la Machano kambini limeandikwa mzima kabisa, mara zote mbili tulizopimwa.

Kapteni Matar, mkuu wa mafunzo yetu, aliniita Jumanne. Ni mtu asiyepandisha sauti. Alinikalisha, akaniuliza nilijuaje kwamba ni sukari. Nikasema nilikisia, niliwahi kusoma mahali. Akauliza glukosi ilitoka wapi. Nikasema natembea nayo kwa ajili yangu, nikichoka. Akasema nina akili ya haraka, na kwamba atapeleka jina langu juu nipongezwe mbele ya wenzangu. Dada, nilisimama nikapiga saluti.

Alkhamisi ile Koplo Jaku akasimamishwa kazi. Yeye ndiye aliyepokea vichupa vya mkojo na kuviandika majina, kwa hivyo ikaonekana amevichanganya, au amehongwa. Ni mtu mzima, nywele zimeshaingia mvi, ndiye aliyenifunga kidole nilipokatwa na waya mwaka jana. Nilimuona amekaa kwenye benchi nje ya ofisi, kofia ameishika magotini, akingoja kuitwa. Aliponiona akanambia, "Hongera kijana, umemuokoa mwenzako." Nikasema ahsante.

Na spitali kulikuwa na mtihani mwengine. Kila nikienda kumuangalia Machano, Bi Mwanamkasi ananishika mikono yangu yote miwili, ananiombea dua mbele ya watu. Aliwaambia wagonjwa wa vitanda vyote kwamba mimi ndiye niliyemrudishia mwanawe. Alikuwa ananifungia wali na samaki kwenye bakuli nirudi nao Mpendae. Wallahi sikuweza kuula, niliwapa wenye nyumba.

Machano alizindukana Jumatatu, lakini hakuzindukana mzima. Maneno yanamtoka polepole kama mtu anayetafuta kitu gizani, na mkono wa kulia hauna nguvu, haushiki hata kijiko. Daktari alisema ubongo ulikaa bila ya sukari muda mrefu mno. Huenda mkono ukarudi, huenda usirudi, na kama ukirudi itachukua miezi. Nilipoinama kumsalimu, suali lake la kwanza lilikuwa, "Tulifika ndani ya muda?" Nikamwambia ndiyo, tulifika.

Ile kauli ya daktari, muda mrefu mno, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Wengine waliposikia walidhani anasema muda wa gari kwenda mjini. Mimi nilijua anasema muda gani.

Dada, nakuungamia sasa, na ukimaliza ukinichukia nitakuwa nimestahiki.

Mkojo ule ulikuwa wangu. Mara zote mbili Machano aliniletea kichupa chake chooni, nikamjazia, akaenda kukikabidhi. Koplo Jaku hakuchanganya chochote.

Na hilo ndilo dogo. Pale maweni sikutambua baada ya Machano kuanguka. Nilijua kabla. Alianza kupepesuka, akaniita kwa jina la marehemu baba yake, na mimi nikajua palepale ni kitu gani. Pakti ilikuwa mfuko wa kifuani, naisikia kila nikivuta pumzi. Lakini walikuwapo wenzetu sita wanatuangalia. Nikaona nikiitoa mbele yao wataniuliza nimejuaje, na wakijua hilo watajua na la vichupa, na sote wawili tutapita getini na mifuko. Nikaangalia saa. Ilikuwa saa nne na dakika arubaini. Nikamwambia, "Kaza Machano, bado kidogo." Akakaza, maskini, kwa kuwa mimi ndiye niliyemwambia. Akaenda hatua zake, akaanguka. Hata hapo nikawaambia wenzangu ni jua hilo, mmwagieni maji, mpepeeni. Walimmwagia maji yao yote. Mimi nilisimama na redio begani na dawa kifuani, nikiomba ainuke mwenyewe. Alipoanza kutikisika mwili mzima na povu likamtoka ndipo nilipopiga magoti nikaipasua pakti. Nikaangalia tena saa. Dakika kumi.

Jumatatu ya wiki iliyopita, baada ya kipindi cha asubuhi, sikungoja lori. Nilikwenda kambini mwenyewe, nikaomba kumuona Kapteni Matar, nikamwambia yote mawili nikiwa wima. Hakunikatiza. Aliuliza kama kuna mtu aliyenituma nimtoe Koplo Jaku hatiani. Nikasema hapana, afande. Akafunga faili, akasema, "La vichupa ungeadhibiwa, pengine ungebaki. Lakini mwanajeshi wako ameanguka na wewe umeangalia saa. Siwezi kukupa watu." Jaku amerudishwa kazini. Mimi nimevua kombati. Chuoni naendelea kama mwanafunzi wa kawaida mpaka bodi ya uchunguzi itakaponiita, na litakalokuja nitalipokea.

Ijumaa nilikwenda Malindi, Machano ameshatolewa spitali. Nilimkuta Bi Mwanamkasi ukumbini anachambua mchele. Nikakaa chini, nikamwambia kama nilivyokwambia wewe, sikupunguza. Aliuliza neno moja tu, "Kumi?" Nikasema naam, kumi. Aliinuka na ungo wake akaingia jikoni, nikasikia mfereji unafunguliwa, maji yanatoka, na haufungwi. Nilingoja mpaka adhana ya Magharibi, kisha nikateremka ngazi.

Kesho yake nilirudi, kwa kuwa sikujua la kufanya jengine. Nilipiga hodi, akafungua. Nikamuamkia, hakuitika. Akasogea pembeni, nikapita. Tangu siku hiyo nakwenda kila siku baada ya Adhuhuri kumfanyisha Machano mazoezi ya mkono kama daktari alivyoelekeza. Machano mwenyewe nimeshamwambia. Akasema na yeye alinikabidhi kichupa, basi. Lakini mama yake hajaniitikia shikamoo hata siku moja. Anafungua mlango, anasogea, nami napita.

Jana nilikuwa nimemshika Machano vidole, namsaidia kufinya mpira, naye anatoka jasho na hauwezi. Bi Mwanamkasi alikuwa amesimama mlangoni, sikujua tangu lini. Akasema, "Mshike kiwiko, usimshike vidole. Umuache avikunje mwenyewe." Nikamshika kiwiko. Alibaki amesimama pale, akimtazama mwanawe, mpaka tulipomaliza.

Hayo ndiyo yaliyopo, dada. Watu wa huko wakikuuliza, usiwaambie kwamba naumwa wala kwamba nimepewa likizo. Waambie nimetolewa, na wakitaka sababu waje waniulize, nitakuja Ijumaa na nitakuwa nimevaa kanzu. Najua umewaambia Fumba nzima kwamba mdogo wako anakuwa ofisa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kila nikiandika mstari, na silijui la kulifanya.

Nisalimie shemeji sana, na Nassra na nduguze uwabusu kwa niaba yangu. Mwambie Mzee Nahodha kwamba betri ya redio yake nimeipata, nitakuja nayo. Bibi Bashira mpe salamu zangu, umuombe asome dua kwa ajili ya mkono wa Machano Vuai, amtaje kwa jina lake kamili. Mimi asinitaje kwanza.

Mimi mdogo wako,
Pandu