Bastola Iliyonikaa Mkononi

Khole, usinipigie. Nnalia, sitaweza kusema.

Zahor, mwalimu wetu wa shabaha, aliniita leo duka la silaha, mtaa wa Ghala, tuchague bastola "ya kuanzia". Nikajua ni yangu. Ya nani tena? Nikajifukiza udi, Khole. Kwenda kuchagua bastola!

Nikazishika tano. Nikamwambia hii ndogo, risasi zake rahisi, hairuki mkononi, mtu atalenga kila wiki bila ya kufilisika. Mpini umenikaa kama nilipimwa.

Akacheka. "Wallahi mkono wako na wa Aseel sawasawa! Ndiyo maana nimekuita wewe."

Aseel nani? Nikamuuliza, kwa mdomo wangu mwenyewe.

"Mchumba wangu. Tunaoana mwezi wa Shawwal. Anataka tuwe tunalenga pamoja."

Pamoja, Khole. Kasema pamoja.

Nikampa hongera. Mwenye duka akanitazama mimi: "Bibi harusi ameridhika?"

Zahor akadakia upesi. "Huyu? Huyu dada yangu."

Dada yake!

Kisha akaniomba niishike tena, ahakikishe kuwa itamkaa Aseel. Nikaishika. Mkono haukutetemeka hata kidogo, na yeye ndiye aliyenifundisha.