Miti Minne ya Bibi Bukuru

Kwa dada yangu Zaituni,
Korogwe.

Shikamoo dada. Nakuamkia kutoka huku Kasulu kwenye milima, ambako mtu havui koti mpaka saa nne ya asubuhi. Mgongo wako vipi? Na shemeji, kile kifua kinamwacha alale? Yule mbuzi mwenye pembe moja amezaa au bado anatudanganya? Mimi nakula, natembea, jino lile limeshang'oka. Moyo ndio siwezi kuusemea.

Kabla hujaendelea, nakuomba jambo moja. Barua hii amekuletea mwanao Hamisi kwa mkono wake. Najua miaka yote yeye ndiye anayekusomea barua zangu. Leo usimpe. Uliniarifu kwamba umemaliza kisomo cha watu wazima na gazeti unalisoma mpaka ukurasa wa mpira. Basi hii isome mwenyewe, polepole, hata ikichukua mchana kutwa. Mwambie mtoto akae barazani anywe uji. Atakuwa na njaa, maana mikate niliyomfungia najua amewagawia watu wa behewani kabla treni haijafika Tabora.

Hajui nilichoandika. Nimemwambia ni salamu tu.

Utakuwa umeshtuka kumwona nyumbani na shule haijafungwa. Atakuambia amefanya kosa na amesimamishwa masomo mpaka bodi ya shule ikae, na haijulikani itakaa lini wala itasema nini. Akikuambia hivyo, dada, usimwambie amemwaibisha baba yake. Kosa ni la mdogo wako. Nakueleza tangu mwanzo, kwa sababu mimi nikianzia katikati huwa naongeza.

Wavulana wa hapa shuleni wana chama chao cha huduma. Wamekusanyika kutoka kila mkoa, wengine kwao ni mbali kuliko Korogwe, lakini Jumamosi wakishamaliza kufua utawaona wanatoka kwa mstari, kila mmoja ameshonea mfukoni mwa shati kiraka cha kijani chenye picha ya mkono. Wanawachotea maji wazee wasiojiweza. Wanapasua kuni za wagonjwa hospitalini. Wale jamaa waliokimbia vita Burundi, ambao hawajui ndugu zao wameangukia wapi, wavulana wanawaandikia barua za kuulizia. Wakati mmoja walicheza mpira na wenye maduka wa mjini, kiingilio bakuli la maharage, na maharage yote yakaenda kwa vikongwe. Wenye maduka walipigwa mabao sita. Mimi nilikuwa mshika kibendera, na lile bao la saba walilolikataa lilikuwa bao halali kabisa.

Na raha zao walikuwa nazo. Walialika wasichana wa shule moja ya upande wa Kibondo kuja kunywa chai, wakaletwa kwa lori, wamejaa vumbi mpaka kope. Siku hiyo Hamisi alipiga shati lake pasi ya mkaa mpaka kola ikaungua. Akalivaa vilevile, kola ameikunjia ndani, akakaa jioni nzima shingo imenyooka kama askari wa gwaride. Wenzake walimcheka: "Mwenyekiti, umemeza mwiko?" Maandazi kama niliyopika siku ile, dada, hayajawahi kuliwa mkoa huu.

Ndiyo, mwenyekiti wa chama alikuwa yeye. Hawakumchagua kwa maneno mengi, unajua hana. Walimchagua kwa sababu wengine wakishaondoka yeye ndiye hubaki kufagia.

Sasa mimi nikaingia vipi humo? Kwa mdomo wangu. Vikongwe wa huku hawasemi Kiswahili, na wavulana Kiha, lugha ya hapa, hawakijui. Nikawaambia Kiha ninakijua kuliko Waha. Nikawaambia nimewahi kukaa na wazee wa kijiji cha Kitanga, huku huku Kasulu, nikaamua kesi ya ng'ombe kwa siku mbili bila kutafuna neno moja la Kiswahili. Wakafurahi. Kila Jumamosi wananifuata jikoni, "Mjomba, vua aproni, twende ukatusemee." Shule nzima inaniita Mjomba kwa ajili ya Hamisi.

Dada, ninajua kusema mwakeye, yaani umeamkaje. Ninajua kuuliza bei ya ndizi. Nikitukanwa, najua kwamba nimetukanwa. Basi. Siku zote palikuwa na jirani anayejua Kiswahili, nikawa namsogelea kimyakimya nakusanya maneno kwake, halafu narudi kwa wavulana kifua mbele.

Kuna mama mmoja mzee, Bibi Bukuru, mjane, alikuwa akikaa peke yake nje kabisa ya kijiji. Wakati huu, kama huko kwenu, watu wote wanahamishiwa vijiji vipya kando ya barabara. Yeye alichelewa kuhama, na nyumba yake ilikuwa imeinama upande. Wavulana wakaomba ruhusa wamjengee nyumba katika kijiji kipya, siku za mapumziko ya katikati ya muhula. Mwenyekiti wa kijiji akatoa kiwanja. Bibi mwenyewe akakubali kujengewa, hilo alisema mbele ya watu wengi.

Nguzo ndizo zilizotushinda. Msitu uko mwendo wa saa mbili. Na pale kwake palikuwa na miti minne mikubwa, wenyewe wanaiita umuvumu, imesimama nyuma ya nyumba kama watu waliopanga foleni, matawi yamenyooka, manene kama paja. Hamisi akaitazama, akaniambia, "Mjomba, hebu muulize bibi kama tunaweza kuikata. Asipotaka tutakwenda msituni, si neno."

Bibi alikuwa mlangoni anachambua maharage. Nikaenda, nikachuchumaa. Nikasema mwakeye, na ilikuwa alasiri. Akanijibu maneno marefu, kwa upole, akaniwekea maharage kiganjani. Mimi neno la kuulizia habari ya miti sina. Jirani yake, mama mmoja anayejua Kiswahili, alikuwa analima hatua hamsini tu kutoka pale. Kumwita ilikuwa kufungua mdomo. Lakini wavulana ishirini walikuwa wamesimama na mashoka wananitazama, mimi mwamuzi wa kesi ya ng'ombe. Nikatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, nikacheka kidogo, nikarudi.

"Amesema kateni," niliwaambia. "Tena amesema Mungu awabariki."

Hamisi akaona bibi asisumbuliwe na vumbi. Wakamweka kwenye machela na vyungu vyake, wakambeba wanaimba mpaka kwa yule jirani, ambaye nyumba yake mpya ilikuwa tayari kijijini. Akawa anacheka na meno yake mawili. Miti ikaangushwa hayupo.

Wakajenga siku tano. Sijapata kuona nyumba imejengwa kwa upendo namna ile, na hili silitilii chumvi. Udongo waliukanyaga kwa miguu yao, mtoto wa hakimu na mtoto wa mchunga mbuzi. Siku ya kumkabidhi, mimi na sufuria yangu ya chai nipo, mwenyekiti wa kijiji yupo, wavulana wamepanga mistari miwili bibi apite katikati.

Akapita. Akafika mlangoni, akaweka mkono kwenye nguzo mahali udongo haukufika. Ule mti hutoa utomvu mweupe kama maziwa, ulikuwa bado unatoka. Akaunusa mkono wake. Hakupiga kelele, dada. Alimgeukia yule jirani akasema maneno machache, na jirani akatuuliza:

"Nguzo hizi mmezitoa wapi?"

"Pale pale kwake, mama," Hamisi akajibu. "Mwenyewe alituruhusu."

Jirani akashika kichwa. "Aliwaruhusu nani? Ile ni miti ya watoto wake!"

Ndipo tulipoambiwa. Bibi Bukuru alizika watoto wanne pale nyuma ya nyumba. Kila alipozika mmoja alichomeka kijiti cha umuvumu upande wa kichwa, na kile kijiti hushika, huwa mti. Kila asubuhi alikuwa akipita kuwaamkia mmoja mmoja kwa jina. Alichelewa kuhama kwa sababu yao, na alikubali baada ya kuahidiwa kwamba miti haitaguswa na kila siku ya soko atakwenda kuitazama.

Akakaa chini, nje, ameipa nyumba mgongo. Hamisi akapiga magoti mbele yake. Halafu akainua kichwa akanitafuta kwa macho juu ya watu wote, mara moja tu, akayarudisha chini. Mimi nilikuwa nimeshika birika.

Kesho yake wazee wa kijiji wakaja shuleni. Mkuu wa shule akawapanga wavulana uwanjani, akauliza nani aliyesema bibi ametoa ruhusa. Hamisi akatoka mstarini. "Mimi ndiye mwenyekiti. Mimi sikuuliza." Wenzake walitaka kusema, akawakatalia kwa jicho. Chama kikavunjwa pale pale, wakaambiwa wabandue viraka vya mifukoni.

Nilimfuata bwenini. Nikamwambia, mwanangu, kwa nini? Akawa anakunja nguo zake hata hanitazami.

"Wewe ukifukuzwa utakwenda wapi, Mjomba? Nyumbani wote wanajua wewe ni mkubwa wa jiko, una watu kumi chini yako. Utarudi useme nini?"

Maneno hayo aliyatoa kwenye barua zangu, dada. Yeye ndiye aliyekuwa anakusomea. Alipofika hapa kidato cha kwanza alinikuta ninamenya mihogo, na likizo zote alizorudi nyumbani hakukuambia.

Nikaenda kwa Mkuu wa shule. Nilivua kofia. Nikasema, "Mzee, aliyesema bibi amekubali ni mimi. Sikumwuliza kitu, Kiha sikijui."

Alinitazama akacheka kwa uchovu. "Mjomba, mwezi uliopita umeniambia ulivuka Malagarasi umepanda kiboko. Leo unataka kumwokoa mpwa wako kwa hadithi nyingine. Nakuelewa, ni damu yako. Rudi jikoni, maharage yanaungua."

Nikarudi mara ya pili, akanifungia mlango. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akaniuliza kama nimekunywa. Hata wale wavulana waliokuwepo walisema, wakaambiwa wamefundishwa. Kwa mara ya kwanza nina jambo la kweli, na hapana mtu wa kulipokea.

Ndiyo maana nakuandikia wewe, na ili uniamini nakupa mengine yote. Mimi si mkubwa wa jiko. Ni msaidizi wa msaidizi. Ile saa niliyosema nilizawadiwa, niliiokota, na haitembei. Yule chui niliyemuua kwa mwiko alikuwa paka wa pori, na alikimbia mwenyewe. Nyumba ya bati sina, nalala ghala la kuni. Hata hilo bao la saba, mchezaji alikuwa ameotea na mimi nilimwona. Nimebaki na neno moja tu ambalo halina uongo ndani yake: mwanao aliagiza bibi aulizwe, na mimi sikuuliza.

Ukiweza mwandikie Mkuu wa shule kwa mkono wako. Mimi haniamini, lakini mama aliyejifunza kuandika ukubwani huenda akamsikiliza.

Bibi Bukuru mpaka leo hajaingia ile nyumba. Analala jikoni kwa jirani. Mvua zimeanza, nami kila nikimaliza kuosha masufuria naenda kule na kumwekea ndoo ya maji. Ndoo anaipokea. Salamu yangu haipokei, na sidhani kama ataipokea.

Jana nilimkuta ameinama mlangoni pa ile nyumba. Nguzo ya kulia, aliyoisimamisha Hamisi kwa mikono yake, imetoa majani. Madogo, mekundu kwa ncha, yametokeza kwenye udongo wa ukuta. Alikuwa anaimwagilia kwa kikombe, maji ya ndoo yangu, na anaisemesha. Nilisikia jina moja. Zile tatu nyingine bado kavu. Nilirudi na hilo mdomoni ili nimpe mtoto, lakini nilipomwona amekaa juu ya sanduku lake anasubiri lori la Kigoma, ambalo jana halikutokea, sikuthubutu. Nilihofu naye atafikiri ni hadithi yangu.

Nisalimie shemeji, mwambie koti alilonipa ndilo linaloniokoa. Nisalimie shangazi yetu kipofu, mjulishe kwamba nywele zimeniisha. Yule fundi cherehani jirani yako niliyemwahidi kazi huku, mwambie asifunge mizigo. Watoto wa marehemu kaka wabusu wote, na mdogo wao mwenye jina langu mzoeze kusema ukweli angali mdogo.

Sasa umefika mwisho, dada. Ikunje barua, mwite Hamisi aingie ndani. Usianze na kosa. Mwambie kwanza kwamba nguzo ya mlangoni imechipua. Ikitoka mdomoni mwako ataamini.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani, mmenya mihogo,
Kasulu.