Viatu vya Nadhira

Bagamoyo, Jumapili asubuhi

Kwako Bi Adila binti Shuaibu, huko Bunju,

Assalaam alaykum warahmatullah. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watu wa nyumbani kwako, na kile kikohozi ulichoondoka nacho kimepoa. Mimi sijambo, miguu tu ndiyo inayonidai. Nadhira hajambo kidogo. Nasema kidogo kwa sababu leo nimeazimia kusema kweli, na kweli nitaifikia, usinikimbize.

Utashangaa kupata karatasi wakati namba yangu ya simu unayo. Kwenye simu ungeniuliza swali, nami ningekimbilia maneno matamu. Karatasi haiulizi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo ukikuta herufi zimepandana zivumilie. Anayekuletea ni jirani yangu Mize, yuaja huko kumwona bintiye.

Bi Adila, mtoto nina huyu mmoja. Alipoanza kazi ya ushauri nasaha huko Dar nilitamba mtaa mzima kwamba mwanangu anatibu watu kwa maneno. Wakanitania kuwa yule aliyekuwa hasemi na mtu leo analipwa kwa kusema, nikacheka nao. Kumbe mwenyewe alikuwa anakwisha. Watu wanane kwa siku, kila mmoja na msiba wake, taa kali kichwani, simu zinalia. Aliporudi kwangu mwezi wa pili hakuwa na homa wala malaria. Alilala kautazama ukuta, pamba masikioni, simu kaizima, hata ukimwita jina anajikunja kama umempiga. Nilimsomea, nikamfukizia ubani, nikampikia uji wa pilipili manga. Hakugusa.

Ndipo ukaja wewe. Ulinieleza kwamba wewe nawe ni mshauri, na kazi yako ni kuwashika mkono washauri wenzako waliochoka. Ukasema wewe na Nadhira mmeumbwa namna moja, kwamba ndio huo usonji ambao yeye aliambiwa na daktari akiwa mtu mzima. Mimi nilidhani usonji ni wa watoto wasiosema. Nikakupa kahawa ya tangawizi, na moyoni nikajiuliza huyu atafanya nini ambacho mama mzazi hakufanya.

Ulichofanya ni kukaa. Kila Alhamisi, saa nne kamili, ulikaa naye mkekani bila kumwuliza kitu. Halafu siku moja ukaja na miyaa ya mkindu kwenye mfuko, mkaanza kusuka ukili wa mkeka. Bi Adila, miyaa ya kununua! Katika nyumba yangu mimi, niliyesuka mikeka ya maharusi wa mtaa huu! Nani alimfundisha ukili yule? Na najua alikwambia pia nani alimnyang'anya. Alikuwa na miaka saba, anasuka kutwa, anahesabu kila msuko kwa sauti, wageni wakiingia hainui uso. Shangazi yake akasema mtoto huyu ana shetani. Nikaona haya. Nikaichoma miyaa yote jikoni, nikamshika kidevu, nikamfundisha: mtazame mtu machoni, toa mkono, cheka wenzako wakicheka. Akajifunza. Nikajisifu.

Marehemu mume wangu aliniletea mke mwenza, na nilimpokea kwa udi na marashi, muulize Mize. Wivu nilioupata kwako sikuupata kwake. Nadhira akakwambia wewe kwamba moshi wa samaki ninaokaanga wa kuuza unampasua kichwa. Miaka thelathini na miwili hajaniambia mimi! Nikahamishia karai nyuma ya nyumba, nikakaanga nimenuna mpaka vibua vikaungua. Mize akanicheka, akaniuliza kama nataka kumrudisha binti mzima mgongoni nimfunge kwa kanga. Nikamjibu anyamaze, yeye anao sita, hata akiibiwa mmoja anayo akiba.

Kisha ikafika Alhamisi aliyocheka. Miezi minne sikuwa nimesikia kicheko cha mwanangu, nikaja mbio na mikono yenye mafuta, nikasimama nyuma ya pazia. Ndiyo, nilisikiliza. Alikuwa anakueleza kwamba kazini huvaa ule uso aliofundishwa na mama, anawavalia watu wanane, na jioni akijitafuta mwenyewe hajipati. Wewe ukamwambia ulianguka vivyo hivyo mwaka mzima, mpaka ukapunguza watu, ukaomba taa ndogo na mapumziko, ukawaambia wakubwa wako ulivyo. Hamkunisema vibaya hata neno moja. Mimi nilisikia hukumu.

Alhamisi iliyofuata ulipopiga hodi, Nadhira alikuwa chumbani, pamba masikioni, anakungoja. Nilikwambia amekwenda Saadani kwa mjomba wake Rajabu, haijulikani atarudi lini, na ameomba asitafutwe na mtu.

Bi Adila, ulikuwa uongo. Viatu vyake vilikuwa pale mlangoni, vile vya buluu, mbele ya miguu yako. Mwanamke mwingine yeyote wa Bagamoyo angevitazama viatu, angenitazama mimi, angeketi barazani akasema basi angalau kahawa. Wewe ulinishukuru kwa kukuarifu, ukasema nimsalimie, ukaenda zako. Nikaingia ndani nikamwambia Nadhira kwamba umepata watu wengi, hutakuja tena. Akaniuliza kama nina hakika. Nikasema ninayo. Naye akalichukua neno langu kama lilivyo. Mimi nimeishi na watu ambao ukiwaambia hivi wanachungulia nyuma ya neno waone kuna nini. Nyinyi wawili hamkuchungulia. Mliniamini tu, na hapo ndipo nilipowaumiza.

Wiki ya pili alitandika mkeka, akaweka miyaa mafungu mawili, lake na lako. Nilipomkumbusha kwamba huji, akasema anajua, ila ni Alhamisi. Wiki ya tatu hakutandika. Nikajisemea amesahau, sasa ni wangu. Nikaleta miyaa yangu, mizuri kuliko yako, nikamwita tusuke wote. Akaketi, akanitazama machoni, akatabasamu. Nilipocheka, akacheka.

Nikaweka ukili chini. Niliujua uso ule, ni mimi niliyemfundisha. Mwanangu alikuwa kazini. Mimi ndiye niliyekuwa mtu wake wa tisa.

Jana baada ya alasiri nikamwambia yote. Vidole vyake vikaanza kuhesabu. Kisha akauliza kama wewe unajua. Nikasema hujui. Akasema basi Bi Adila anadhani ni yeye Nadhira aliyemkataa. Hilo, wallahi, sikuwa nimelifikiria. Nilikuwa nimejishughulisha na moyo wangu tu.

Kwa hiyo ninakuomba, mwanangu, maana kwa umri ningeweza kukuzaa: hakukukataa. Njoo Alhamisi. Mimi nitakuwa kwa Mize na karai langu, hamtanusa hata magamba. Wivu bado ninao, sitakudanganya mara ya pili. Ila nitakaa nao huko huko jikoni kwa Mize. Ukitoka, kama utaona inafaa, nifundishe namna ya kukaa na mtu bila kumwuliza kitu. Nimezaa, nimelea, hilo silijui.

Wasalimie wote wanaoniuliza na wasioniuliza. Mungu akupe afya na akulinde njiani.

Ni mimi mama yake,
Biubwa binti Twalib

Nimesahau. Nadhira ameisoma barua kabla sijaifunga. Hakufuta neno, ila amesema pana kosa nililoandika nalo ni lazima nilisahihishe: wiki ya tatu hakuwa amesahau. Hakutandika kwa sababu alikuwa amesimama dirishani tangu saa nne, panapoonekana njia, mpaka nilipomwita.